Kichanja cha Ngazi Mbili

Mwaka ule mbingu zilitufanyia visa. Kitalu chetu cha kwanza cha mpunga kilisombwa na mafuriko. Tukamwaga mbegu tena, na jua likawaka wiki baada ya wiki mpaka miche ikafaa kuwashia moto tu. Kikabaki chungu kimoja cha mbegu, ile yenye harufu ambayo mama mkwe aliirithi kwa mama yake. Hakuna mwingine pale Bujonde aliyekuwa nayo. Chungu kile kikipotea, basi tena.

Kila nyumba ilikuwa imejenga kichanja cha kuyakimbia maji. Cha kwetu alikijenga baba mkwe nyuma ya jiko, kwa miti na mianzi, upana wa kitanda cha mtu mmoja, ngazi moja. Hapo ndipo alipokosea, na Mnyakyusa tu ndiye angeweza kukosea namna ile.

Maana kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ni heshima. Mimi nilizaliwa Mbugani, mjini, nikadhani mambo hayo yamekwisha. Nilipoolewa nikayakuta yapo, tena yamenona. Akija njiani, mimi huyo naingia kwenye mikakao. Nimesimama humo mara nyingi hata siafu wamenizoea. Akiwa na neno kwangu hulipitisha kwa mtu wa tatu, na mtu akikosekana hulipitisha kwa kuku.

Siku moja mama mkwe na mume wangu walikuwa wamekwenda Lyulilo kununua vyungu. Saa nane mchana mto ukaingia uani bila kubisha hodi. Nikajitwika chungu, nikapanda kichanjani, na kuku mmoja akanifuata bila kualikwa.

Nikasikia kikohozi. Kwa baba mkwe kikohozi ni hodi, ni salamu, na ni amri. Alikuwa amesimama chini, maji yamefika kiunoni, jembe begani. Hapandi kwa sababu mimi nipo juu. Mimi sishuki kwa sababu maji yapo chini. Nikajifunika kitenge kichwa kizima. Maji yakapanda kifuani, na yeye bado anakohoa kwa adabu.

"We kuku," akasema mwishowe, "mwambie huyo aliye juu atazame Malawi."

Nikageukia mpakani, nikatazama Malawi. Akapanda, akaketi akitazama milima. Tukapeana migongo, chungu katikati. Ningeweza kucheka, lakini mgongo wake ungesikia.

Kisha upepo wa ziwani ukaja, utadhani maji hayakutosha. Bati la jirani likapita juu yetu likipiga kelele, na kichanja kikaanza kuyumba.

"Kuku, mwambie chungu kinainama."

"Kuku, mwambie baba nimesikia."

Kuku, ambaye alikuwa na akili kutuzidi sote, akarukia mgombani. Tukabaki bila mjumbe. Chungu kikateleza. Nikapeleka mkono nyuma bila kutazama, naye akapeleka wake bila kutazama, na tukakamatana sisi kwa sisi. Tukaachiana kama tulioshika kaa la moto. Chungu kikalala ubavu, mbegu zikaanza kumwagika majini.

"Shika, mwanangu! Shika!"

Tuligeuka wote wawili, tukakikumbatia, pua kwa pua. Nilikuwa na miaka sita ndani ya ndoa, na ndiyo kwanza nikamwona. Alikuwa mzee mdogo tu, mwenye macho ya mume wangu, na macho hayo yalikuwa yanalia. Aliogopa, nami niliogopa, na nilimpenda ghafla mpaka nikaona aibu.

Tulikaa hivyo hadi maji yakapungua, jua bado lipo. "Ndaga fijo, tata," nikasema. Asante sana, baba. Alishuka, akakohoa, akamtazama kuku kule mgombani.

"Leo hakuna aliyemwona mtu," akamwambia.

Kesho yake nilikutana naye njiani, nikaingia kwenye mikakao.

Mbegu zilizobaki tulizipanda maji yalipotulia. Tulivuna kidogo, tukajaza chungu kwanza, ndipo tukala. Baba mkwe akajenga kichanja kipya, kipana, chenye ngazi mbili, na mkeka umesimamishwa katikati kama ukuta. Wageni wenye madaftari walipokuja kuuliza tunavyokabiliana na mabadiliko ya tabianchi, walizipiga picha ngazi zile, wakaandika kwamba ziko mbili kwa ajili ya usalama. Sikuwasahihisha. Ni usalama kweli.

Tundu hawakuliona. Liko chini kwenye mkeka, pale chungu kinapokaa. Alilikata mwenyewe, tena kwa kipimo: linapitisha mkono wake na wangu kwa pamoja.