Chumvi na Samaki kwa Nyumba Iliyoungua

Kwetu Bunia, mutu akimaliza kujenga, hauingii kwake mara ya kwanza mikono mitupu. Unaleta chumvi na kitu ya kupika nayo, unampa mwenye nyumba kwa mikono miwili. Anayeingia bure-bure ni mbuzi. Kwa hiyo kule China, mujukuu wangu aliponiambia, "Koko, kesho nakupeleka kuona nyumba moja ya zamani sana, wameijenga upya," sikuuliza maswali. Nilifungua sanduku, nikatoa chumvi na samaki ya kukausha ya Mahagi-Port, nikafunga yote ndani ya kitenge.

Nilikuwa nimeenda kumuona akipokea diplome. Mimi nilisoma paka primeri ya tatu, lakini ule musichana niliyemubeba mugongoni amemaliza uinjinia, kwa luga ambayo herufi zake ni kama vinyumba vidogo-vidogo, zingine ziko hata na paa. Mutu akinisalimia sokoni siku hizi, kabla hajauliza habari, nimeshamuambia.

Lakini nilipanda ndege na jambo zito. Kuna parsele yetu, kiwanja chetu cha Bunia, pale Nyakasanza. Wakati wa vita nyumba yetu iliungua. Siye tulikuwa tumeshatoka, na muzee wangu, baba ya watoto, akarudi ndani kuchukua bulteni zao, karatasi za alama za shule, sababu alisema bila karatasi hakuna shule itawapokea. Hakutoka tena. Tangu siku ile niliapa: hakuna tofali juu ya ule udongo. Nyasi ikaota, mbuzi za watu wakakula. Sasa mufanyabiashara mumoja aliitaka aweke depo ya simenti, na mutoto wangu, baba ya ule musichana, alichoka na mimi. "Mama," aliniambia, "jenga ao uza. Ukirudi utupe jibu." Njo jibu hilo nililokuwa nalitafuta juu ya mawingu.

Asubuhi ile kulikuwa ukungu. Mwili wangu ulikuwa bado Bunia, saa za kule nilikuwa nazipita kama mutu anayetembea ndani ya usingizi. Tulifuata mto mupana, hauoni ngambo. Kisha paa moja likatokea hewani peke yake, pembe zake zimekunjwa juu kama mabawa ya nyange. Halafu paa la pili chini yake. Halafu la tatu. Nyumba ilikuwa inashuka toka mbinguni polepole, na miguu yake ilifika udongoni ya mwisho kabisa.

Mulangoni mulinzi alinusa. Akaangalia kitenge yangu.

"Koko, uko na nini humo?" mujukuu wangu akaniuliza.

"Zawadi ya mwenye nyumba. Chumvi na samaki."

"Samaki! Koko, humu ni duka ya vitabu! Si soko ya Nyakasanza!"

"Si ulisema wamejenga?"

"Wamejenga miaka mingi iliyopita! Na haina mwenyewe, ni ya muji."

"Nyumba haiwezi kosa mwenyewe. Weye ongea na mulinzi, mimi napitisha samaki."

Tukaingia. Vitabu, jameni. Toka chini mupaka mutu akunje shingo. Watu walikuwa wamekaa juu ya ngazi, vijana na wazee, kila mumoja na kitabu yake juu ya magoti, na hakuna sauti, paka karatasi zinageuka, kama mvua inayoanza juu ya majani ya ndizi. Hewa ilinuka rangi na chai. Nilitembea katikati yao na sikusikia miguu yangu mwenyewe.

Kisha nikafikiri moto. Karatasi zote hizi ndani ya nyumba ya mbao! Na hawa watoto wamekaa tu! Nikashika nguzo kubwa nyekundu. Ilikuwa baridi. Nikagonga na vidole. Nikagonga tena.

"Hii si muti," nikasema. "Ni beto, simenti na mawe! Wamepaka rangi tu. Wamedanganya watu!"

Mujukuu wangu akacheka mupaka akafunika kinywa. "Njo isiungue tena, koko. Iliungua mara mingi. Mara radi, mara vita."

"Iliungua?" Nilimuangalia sana. "Na hukuniambia?"

Pale mezani kulikuwa mama mumoja muzee, nywele nyeupe, miwani kwenye kamba, anauzisha vitabu. Huyu sasa, nikajua, njo mwenyewe, hata kama muji unasema hapana. Nikaenda, nikakunja magoti kidogo, nikanyoosha kitenge kwa mikono miwili.

"Mama, pole kwa nyumba yenu iliyoungua. Na pongezi kwa hii."

"Koko, tafazali..."

"Tafsiri."

Akatafsiri, macho chini kwa haya. Yule mama akaweka kitabu chini. Akasimama. Akapokea kwa mikono miwili, sawasawa vile kwetu, akainama, akanusa samaki, akasema maneno marefu.

"Anasema watu wote wanamuuliza choo iko wapi. Hakuna mutu alishampa pole ya moto."

"Muulize: hawaogopi kujenga pale pale?"

Yule mama aliposikia, alionyesha dirisha kwa kidevu. Akajibu kwa ufupi.

"Anasema, sasa tungejenga wapi? Mto iko hapa."

Nikaangalia dirishani. Ukungu ulikuwa unatoka, na kweli, mto ulikuwa pale. Nikaona pia kitu ambacho hakikuwa kule: mulango wetu wa Nyakasanza, na muzee wangu anakaa kizingitini, anachonga penseli za watoto na kisu, akingoja jua limufikie magoti. Sikulia. Nilisimama tu, na mujukuu wangu akanishika mukono bila kuuliza.

Yule mama akatoa kitabu kidogo chembamba, akanipa, mikono miwili. Ndani hakuna mambo mingi ya kusoma, ni michoro. Namna ile nyumba ilikuwa zamani, kisha namna ilijengwa baada ya moto, kisha tena, kisha tena. Moja iko na paa mbili, ingine ni fupi na nene kama ghala, ingine iko na ngazi nje. Hakuna hata moja inafanana na mwenzake. Chini ya kila moja, mto.

Nikarudi Bunia. Mutoto wangu alinipokea, akaniletea chai, akangoja nikunywe nusu. "Mama, yule mutu wa simenti ananisumbua. Nimujibu nini?"

Nikamupa kitabu. Akafungua moja-moja, mupaka mwisho, akarudi nyuma tena.

"Hizi ni nyumba ngapi?"

"Moja."

Akafunga kitabu. Wakati wa moto alikuwa mutoto wa shule, na bulteni yake ilikuwa katika zile baba yake alirudi kuchukua. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama anaogopa nitakasirika: "Mama, mulango wa nyumba yetu ulikuwa unaangalia wapi?"

Nikaweka kikombe chini, nikaingia jikoni kutafuta chumvi.

"Vaa viatu," nikamuambia. "Twende nikuonyeshe."