Kata kwa Kiuno

Juzi nilimwona kwenye simu mwalimu wa gofu akimfokea mwanafunzi wake: "Acha kulazimisha mikono, zungusha kiuno!" Nikasonya. Siku moja utotoni, kule Bweri, shangazi alinichosha kwa maneno hayo hayo, akinifundisha kufyeka majani, maana kesho yake shuleni asiyejua angechapwa. Fyekeo langu liligonga mawe tu, kwaa, kwaa, na mikono ikaninukia kutu.

"Wewe, kata kwa kiuno!"

Mimi nikasikia "kata kiuno". Nikaliweka fyekeo chini, nikacheza kama niko harusini.

"Hivi wewe unasikiaga kweli?" akafoka. "Haya, shika fyekeo, cheza hivyo hivyo!"

Nikacheza kwa hasira. Majani yakalala, fyaa, harufu yake mbichi ikapanda.

"Mchana kutwa unanitesa, kumbe kufyeka unajua!"

Kufyeka? Mimi nilikuwa nacheza tu.