Viboksi Viwili Mezani

Fundi wa umeme wa magari hakuweza kushika kitu bila kukifuta. Akifungua nati, ataifuta; akiazima bisibisi, ataifuta kabla ya kuitumia na kabla ya kuirudisha, kwa kitambaa cheusi ambacho, ajabu, hakichafui kitu. Mama Pacha alikodolea macho kitambaa hicho wakati fundi anachomoa kompyuta ya gari lake, kiboksi cha bati kinachoiamrisha injini, ambacho kikipata moto hulizima gari katikati ya barabara. Fundi akakipuliza, akakifuta mpaka kikang'aa, akakilaza kando ya kizima alichokuja nacho, akaenda kupokea simu. Aliporudi mezani, mkono wake ukaganda hewani.

“Mama Pacha,” akasema kwa sauti ya chini, ile anayosemeshea nati zilizogoma, “kibovu nimekiweka kulia au kushoto?”

“Fundi, unaniuliza mimi?”

Yeye anayetofautisha pacha wake gizani hakuona tofauti yoyote. Wakachomeka kimoja, gari likawaka. Wakachomeka cha pili, likawaka vilevile, maana hata kibovu hakina neno kikiwa baridi. Na baba yake Mama Pacha alikuwa amekaa kibarazani kwake, amevaa tayari, akingoja kupelekwa hospitali kupasuliwa jicho.

“Sasa?”

“Sasa hata mimi sielewi.” Fundi akafunga boneti, akakipakata kiboksi kilichobaki, akaingia kiti cha nyuma. “Twende tukamchukue mzee. Likizimika njiani, tutakuwa tumeshajua.”