Friji Iliyowashwa Moto

Wiki iliyopita fundi alikuja hapa mtaani Kambarage kutazama friji ya mwanangu, iliyokuwa inaunguruma tu bila kugandisha. Akaivuta kutoka ukutani, akapiga magoti nyuma yake na tochi. Nikamuuliza, "Moto wake uko wapi?" Wajukuu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Fundi naye akatabasamu: "Bibi, hii ni ya umeme." Sijachanganyikiwa mimi. Friji ya kwanza niliyoiona maishani ilikuwa na moto chini yake, moto wa kweli wa mafuta ya taa, na juu ya moto huo kulikuwa na barafu. Wale hawakutaka kusikia, basi sikiliza wewe.

Tulikaa upande wa Masumbwe, miaka ile watu walipohamishiwa vijijini na nyumba zikapangwa kwa mistari kama maharage. Nilikuwa na umri wa kuchunga ndama, ng'ombe bado. Asubuhi niliamshwa na mchi wa jirani akitwanga mtama. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na maziwa ya mgando, na moshi wa samadi ukikupata machoni ulijua ng'ombe wametulia zizini. Baba alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu huko Geita, akirudi anapojisikia. Nyumbani tulibaki mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Kati yangu na yeye alikuwepo mwingine. Surua ilimchukua. Mama hakumtaja hata siku moja, lakini aliposikia kwamba surua imeingia kijiji cha pili, aliliacha jembe shambani akaja nyumbani kumshika mtoto. Na mama hakuwa mtu wa kuacha jembe.

Siku chache baadaye, asubuhi, ikaja nyumba yenye magurudumu. Usicheke. Nyumba nyeupe, ina dirisha na pazia, inavutwa na Landrova. Ndani alikuwa nesi, mtu wa Tanga, tukamwita Sista. Alikuwa na dereva mmoja mnene aliyewahi kupika kwa wazungu wa mgodi wa Mwadui, na hakukubali usahau jambo hilo. Mwenyekiti wa kijiji akawaweka mahali pa heshima, mbele ya ghala, pale palipokuwa na kichuguu kikubwa kilichochongwa kwa majembe kuwa uwanja.

Sista alituambia mambo kwa upole, mwenyekiti akayageuza kwa Kisukuma. Kwamba amekuja na sindano ya surua. Kwamba dawa hiyo ikipata joto inakufa, na ikifa huwezi kuitambua kwa macho. Kwamba sasa iko kwenye kasha la barafu, na barafu hiyo haitafika kesho jioni. Friji ya ndani ya nyumba ile ilizimwa njiani. Itawashwa, igandishe barafu mpya, na kesho watoto watachomwa. Isipogandisha, ataimwaga dawa na kurudi mjini, na safari nyingine hajui lini.

Mama aliyasikia yote. Akamkaza mtoto mgongoni akasogea mbele kabisa.

Dereva akafungua kimlango cha chini ya friji, akawasha utambi. "Huo moto," akasema, "ndio unaoleta baridi."

"Mwongo mkubwa," bibi mmoja wa jirani akamjibu. "Kwa hiyo mimi nikisikia joto nikalale jikoni?"

Watu walicheka, ila mimi sikucheka. Niliutazama ule moto mdogo kwenye giza lake na nywele zikanisimama. Nilidhani naijua dunia: moto unachoma, maji yanalowesha. Kumbe kuna moto unaozaa baridi, na mtu mnene wa kawaida anauwasha kwa kiberiti. Hadi leo nikiukumbuka natingisha kichwa.

Lakini friji iligoma. Alasiri Sista alitazama kipimajoto chake cha kioo, akabana midomo. Dereva akalala kifudifudi, akaona moto ni wa njano, unapepea. Akakata utambi kwa mkasi mpaka moto ukawa wa buluu, umetulia. Haikusaidia. Akasema bomba la moshi limeziba, akaliingizia burashi ndefu, masizi yakamshukia usoni na shingoni. Wanawake wakapata la kusema.

"Shemeji, wazungu wako uliwapikia nini?"

"Aliwapikia mkaa!"

Yeye akapangusa macho, akasema bila kukasirika, "Cheka, mayu, mama yangu. Kesho utaniletea mtoto wako."

Hapo kicheko kikakatika.

Sista akaufungua mlango wa juu aone, na watu wakaona mle ndani mmejaa maziwa. Wanawake walikuwa wamemletea tangu asubuhi kwa mabakuli, ya moto kutoka kwa ng'ombe, maana mgeni kwetu hupewa maziwa, na mgeni akiyakataa amekukataa wewe. Yeye aliona haya kukataa, asijue ayaweke wapi, akayaweka humo. Dereva akashika kiuno. "Sista! Hii friji inapoza zizi zima!"

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya gurudumu. Nikuambie kwa nini. Tangu asubuhi nilikuwa nimeingia mle mara nne watu wakiwa nje, nikafungua ule mlango nikaweka uso ndani, niusikie ubaridi unavyokuja. Nilijua ni mimi niliyeutoa wote. Nilimwona mdogo wangu amelala mgongoni kwa mama, mdomo wazi, nikajua nimemuua. Nikatoka nikasema yote, mbele ya watu. Mama hakunipiga. Alinitazama tu, na afadhali angenipiga.

Kisha akamwambia Sista, "Nipe hayo maziwa niyatoe." Akaingia, akashika bakuli la kwanza, akalitazama pale lilipokaa. Hakulinyanyua. Akainama, akafumba jicho moja, kama anavyotazama chungu kikubwa juu ya mafiga kabla ya kutia maji. Upande mmoja maziwa yaligusa ukingo. Upande wa pili yalikuwa chini vidole viwili.

"Nyumba yenu imelala upande," akasema.

"Mama, friji siyo chungu," dereva akamjibu.

"Sijui friji. Chungu kikilala upande, ugali unaiva huku na huku mbichi. Hicho kitu chenu kina maji ndani?"

Dereva akainama naye, akalitazama bakuli. Jasho la masizi lilimtiririka shavuni. "Kina maji yanayozunguka kwenye mabomba," akasema taratibu. "Mwadui tulikuwa tunaweka vipande vya mbao chini ya miguu yake. Nilidhani ni kwa ajili ya sakafu mbovu."

Jua halijazama, wanaume wakaleta jeki na mawe, wakainua magurudumu ya upande ambao kichuguu kilichongwa sana. Mama alikaa ndani na bakuli lake akiwaamuru: bado, ongeza, basi, punguza. Mwenyekiti mwenyewe alibeba jiwe. Maziwa yalipokaa sawa pande zote, mama akayatoa nje yote tukayanywa, na Sista akafunga mlango ule kwa kitambaa. Akaniambia mimi, "Na wewe ulichangia. Usiguse tena." Sikugusa.

Asubuhi alifungua mara moja tu. Kulikuwa na ukungu mweupe kama unga wa muhogo ulionyunyizwa kwenye kuta za ndani, na trei ya barafu imeganda kama jiwe. Sista akatazama kipimajoto, akaegemea ukuta, akashusha pumzi. Watoto wakapangwa mstari. Mdogo wangu alichomwa akalia kwa hasira, na sauti yake ilinipendeza.

Tukirudi nyumbani tulikutana na mwanamke wa kijiji kingine, akasalimiana na mama, wakaulizana habari za nyumbani. Akamuuliza ana watoto wangapi. Ujue, siku zile mama wa huku akiulizwa hivyo, mtoto ambaye hajapita surua hakumhesabu. Alimruka, hata kama amembeba mgongoni mbele yako. Siku zote nilikuwa nimemsikia mama akijibu "mmoja."

Mama akamrekebisha mtoto mgongoni, akasema, "Wawili."

Desturi ile imekufa, hata wajukuu zangu hawaijui. Wake za wanangu wakiulizwa wanataja watoto wote kwa mkupuo, hata wa juzi ambaye kitovu hakijadondoka. Nikiwasikia, mimi hulisikia lile "wawili" la mama.