Chenge na Yowe la Mabatini

Chenge alikuwa mwizi. Naanza na hilo asije mtu akasema bibi huyu amemficha. Aliiba kuku, masufuria, na nguo zikiwa mbichi kwenye kamba. Siku moja alinipita hapa mtaani kwetu Mabatini akasema, "Shikamoo bibi," nikaitikia marahaba, ndipo nikamsikia jogoo wangu akilalamika ndani ya koti lake.

Mama yake, Wilhelmina, ni jirani yangu, na hakuwahi kumtetea. Ukipotelewa na kitu ulikwenda kwake, akakutafutia, akakurudishia. "Mwanangu ana mikono miwili," alikuwa akisema. "Mmoja wa Mungu. Wa pili muulizeni baba yake."

Mkono wa Mungu tuliuona mwaka ule Mto Mirongo ulipofurika. Sisi Wasukuma tuna mwano, yowe la hatari. Likipigwa, kila mwenye miguu anatoka, hata kama aliyelipiga ni adui yake. Kijijini kwetu asiyetoka alitengwa, hakupewa hata kaa la moto. Mjini watu wanafunga milango. Venant, mzee wa kanisa asiyewahi kuiba hata sindano, siku ile yowe lilipopigwa alifunga wake. Chenge alitoka. Alivunja dirisha la Mwaija, mke wa fundi cherehani, akamtoa yeye na mwanawe Faisal, kisha akarudi majini kuwafuata wengine mpaka kucha zikamng'oka.

Tangu hapo tulimpenda kuliko watu wema tulionao. Tulimwita mwizi wetu. Venant alinuna, akatuuliza tunawafundisha nini watoto. Swali lake lilikuwa la haki, lakini nani angeita jina la Venant akiwa anazama?

Ubaya wa mwizi wenu ni kwamba wageni hawamjui. Mchana mmoja Chenge aliiba mtungi wa gesi kwa wapangaji wapya, akapanda nao kilimani, akauficha kwenye majabali. Alikuwa ameshatoroka salama. Mke wa mpangaji akakuta jiko limebaki peke yake, akapiga yowe.

Nilikuwa barazani nachambua dagaa. Nikamwona Chenge anashuka mbio kutoka kwenye mawe, anarudi, jasho linamtiririka.

"Kuna nini? Maji?" akauliza.

Angani hakukuwa na wingu. Mwaija ndiye aliyeelewa kwanza. Akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mjinga wewe, unatafutwa wewe. Umerudi kufanya nini?"

"Nimesikia yowe."

Mke wa mpangaji akalitambua lile koti. Alikuwa ameliona likikata kona. Vijana wa nyumba za kupanga wakaja na mawe. Mwaija alijilaza juu ya Chenge akiwaambia huyu ndiye aliyemtoa majini. Wakamvuta pembeni. Mimi na wazee wenzangu tulipofika, Chenge hakuwa na uso wa kutazamwa.

Baada ya mazishi ya mwanawe Wilhelmina alipanda kilimani peke yake, akautafuta ule mtungi mpaka akaupata. Akaushusha kichwani, akautua mlangoni kwa mpangaji, akaondoka.

Masika haya mto umepanda tena. Mwaija akapiga yowe. Nilitoka na fimbo yangu, nikasimama njiani nisikilize miguu ya watu. Nilichosikia ni makomeo ya milango yakifungwa.