Kengele ya Ngamia Kwenye Basi la Elema

Ko. Ko-ko. Ko.

Mlio unasikika kabla ya basi kuonekana. Ni mkavu na mzito, mti ukigonga mti. Saa kumi na moja alfajiri, ukungu umefunika uwanja wa magari Industrial Area, Doha, na mabasi meupe yamejipanga, yote sura moja. Wafanyakazi hawajisumbui kusoma namba. Wanafuata mlio.

"Huyo ni wetu," anasema Akinyi, mfanya usafi hotelini, huku akipanda. "Wengine wana honi. Sisi tuna ngamia."

Dereva, Elema Isacko, 34, anacheka. Kengele ameifunga mlangoni. Mlango ukifunguka, inalia. Aliichonga marehemu babake huko Kalacha, Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, nchi ya Wagabra wafugaji wa ngamia. Elema alipotua Doha miaka sita iliyopita, afisa wa forodha aliitoa kwenye begi, akaitikisa, akaitikisa tena, kisha akamwita mwenzake aje asikie.

"Nilidhani wataninyang'anya," anasema. "Kumbe nao ni watu wa ngamia."

Mshahara wake ni riyali 1,900 kwa mwezi. Wenzake wamenunua ploti na pikipiki. Yeye kila akijaliwa hununua ngamia jike kule nyumbani na kumkabidhi kwa familia isiyo na maziwa. Familia hiyo hukamua na kunywa, lakini ngamia na uzao wake wa kike hubaki mali ya Elema. Wagabra huuita utaratibu huo dabare, na una mwiko wake: mwenye ngamia hatangazi ni nani anayekunywa maziwa yake. Kumtaja mtu hadharani ni kumvua nguo.

Mwiko huo nusura umponze.

Jamii yake inasajili malisho na visima vyake chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Kabla ya kusajiliwa, ardhi hiyo hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yao. Ikishasajiliwa ni yao, na wanajamii ndio watakaoamua nani aingie na nani akae nje. Lakini kwanza lazima wakubaliane nani ni mwanajamii.

"Ardhi yetu wageni wanaiita jangwa tupu," anasema Elema, sauti ikipanda. "Tupu vipi? Babangu amelala pale. Visima vile vilichimbwa kwa mikono ya watu wenye majina."

Ijumaa moja mwezi uliopita, mkutano wa kukubali wanajamii ulifanyika Kalacha. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko Qatar, na hata Wakristo husali siku hiyo; Elema alikuwa amewapeleka abiria wake kanisani, akabaki nje kwenye basi, simu sikioni. Kule nyumbani binamu yake alikuwa ameiweka simu yake kwenye spika katikati ya watu. Kiprop, mlinzi wa ghala, alibaki naye, Elema akimtafsiria kwa minong'ono.

Vijana waliokuwa wamepita boma kwa boma wakihesabu mifugo walisema kwa mama yake Elema kuna mbuzi tu. Mmoja wao akauliza kama mtu anayekula raha Uarabuni, asiye na kwato hata moja nyumbani, anastahili kupewa sauti juu ya malisho. Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akamtaka Elema ajieleze, la sivyo jina lake lirukwe.

Elema akaifunika simu kwa kiganja.

"Ongea, bana," Kiprop alimhimiza. "Wataje wote."

"Siwezi."

"Utapoteza ardhi ya babako kwa sababu ya adabu?"

"Nikiwataja, nitarudi kwa watu gani?"

Kiprop anasema hajawahi kuona mtu akilowa jasho vile na AC inavuma. Mwenyekiti aliuliza mara ya pili. Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke, Mama Darmi, mjane mwenye watoto wanne.

"Mimi nakunywa maziwa ya Elema," alisema. "Ngamia mliyemhesabu kwangu ni wake. Asiye na kwato ni mimi."

Akasimama mzee mmoja. Akafuata mwanamke mwingine, naye alikuwa mama mzazi wa yule kijana aliyeuliza swali. Alimwambia mwanawe, mbele ya mkutano mzima, kwamba chai aliyokunywa asubuhi ile ilitiwa maziwa ya huyo mtu wa Uarabuni. Safari hii kicheko kilimwangukia mwingine, na jina la Elema likapita bila hata mtu mmoja kupinga.

Abiria waliporudi kutoka kanisani walimkuta dereva wao akifuta macho, na Kiprop akiitikisa kengele kama mtu aliyepagawa.

Asubuhi hii hoteli ya Akinyi ndiyo kituo cha mwisho. Basi linaposimama, simu inaita. Ni Mama Darmi: ngamia amezaa, na ndama ni jike. Anataka kujua atamfunga kengele gani atakapokua, asije akapotelea malishoni.

Elema anaitazama kengele iliyo mlangoni. Mkataba wake unaisha Desemba, na hana mpango wa kuongeza mwingine. Anataka kurudi kuchunga, na kukaa kwenye mikutano ya ardhi yake kwa miguu yake, si kwa simu.

"Ukiondoka nayo, sisi basi letu tutalijuaje?" anauliza Akinyi, akijifanya amenuna.

Elema anamcheka, kisha anarudi kwenye simu.

"Mama Darmi, asivalishwe kengele ya mtu mwingine. Desemba naileta ya baba, na nitamfunga shingoni kwa mikono yangu mwenyewe."