Namba Nisiyoijua

Ujumbe ulikuja asubuhi, nikiwa nakung'uta salfa kwenye shati baada ya kupuliza mikorosho iliyo nyuma ya nyumba. Ulisema mteja mpendwa, mitambo ya zamani ya mtandao inaondolewa kwenye baadhi ya minara, laini na simu za zamani zitaacha kufanya kazi, fika kwa wakala aliye karibu nawe ubadilishe. Niliusoma mara mbili. Mara ya kwanza niliusoma kama mtu yeyote. Mara ya pili niliusoma kama mtu aliyefika Fomu Foo, nikaona ndani yake mambo ambayo hayakuwamo.

Hapa Chilangala wazee wa rika langu waliomaliza kidato cha nne hawazidi watatu. Jirani akipata ujumbe asiouelewa huniletea. Si kwamba hawajui kusoma, wengi wanajua. Wanachotaka ni kuambiwa kama mwandishi wake ni mtu wa kweli au tapeli. Kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyokubali kusema. Jirani yangu, mama wa makamo ambaye shamba lake limepakana na langu, alifika siku ileile simu ikiwa kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo, Mzee wa Fomu Foo."

"Marahaba, mama."

"Hawa nao wanasema wanaizima simu yangu. Ni wenyewe au ni wale?"

"Ni wale."

"Mbona hawajaomba hela?"

"Leo hawajaomba. Ukishakwenda kuwawekea dole kwenye kile kimashine chao ndipo utajua walikuwa wanaomba nini."

Alicheka. "Basi ife yenyewe, mimi siendi kuiua." Akaenda kuwaambia wengine, na wengine wakaambiana.

Kuna jambo ambalo jirani huyo hakulijua. Miaka michache kabla ya hapo nilipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, akajiita mtumishi wa kampuni, nami nikabonyeza kila alichoniambia nibonyeze. Alipokata, salio langu nalo lilikuwa limekwenda naye. Sikumwambia mtu. Tangu hapo kila ujumbe niliusoma nikiwa na aibu ile kifuani, na watu wakadhani ni elimu.

Jioni nilimpigia dada yangu. Amenitangulia kuzaliwa na yuko Chiwata, alikoolewa na kubaki baada ya mumewe kufariki. Yeye hakusoma. Miaka ile nilipokuwa shuleni, maji ya nyumbani kwetu yalichotwa bondeni, kushuka na kupanda mteremko, na zamu yangu aliibeba yeye ili niwahi darasani. Pengine ndiyo sababu hajawahi kubishana nami juu ya jambo lolote lililoandikwa.

"Wakija na ujumbe wa kubadilisha laini au simu, usikubali," nikamwambia. "Mtu yeyote asikuguse dole. Hata akiwa mtoto wako, mwambie mpaka mjomba aseme."

"Nimesikia, kaka."

Ananiita kaka ingawa mimi ndiye mdogo. Ni heshima aliyonipa tangu nilipovaa sare ya sekondari.

Wakati huo kulikuwa na jambo kubwa nyumbani kwake. Binti yake wa mwisho alikuwa amechumbiwa na kijana wa Masasi, na tulikuwa tunasubiri upande wa kijana waseme siku ya kuleta posa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Posa ikija, anayeketi mkekani kuipokea ni mjomba, na mjomba aliyeketi siku ile ndiye anayeitwa baadaye ndoa ikiyumba. Mwingine hata akiwa na busara namna gani ni msikilizaji tu. Katika ndugu wa kiume wa tumbo moja na dada yangu nimebaki mimi peke yangu. Kwa hiyo mkeka ule ulikuwa wangu, na nilikuwa nimeusubiri tangu binti yule anatambaa.

Ila kijana mwenyewe sikumpenda. Nilimwona mara moja, akatoa simu mbili mfukoni akaziweka mezani.

"Mtu wa simu mbili ana nyumba mbili," nilimwambia dada baada ya kijana kuondoka.

"Moja ni ya kazini, kaka."

"Wote husema hivyo."

Dada alinyamaza. Ukimya ule niliukumbuka baadaye, nikautumia vibaya.

Tulikuwa na desturi yetu. Kila asubuhi dada alinibipu mara moja, maana yake ameamka salama. Nami nilimbipu mara moja, maana yake hata mimi. Haikutugharimu kitu. Siku kama kumi baada ya kumwonya juu ya ujumbe ule, asubuhi ikapita bila bipu. Nikabipu mimi. Sauti ya mwanamke ikaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu pia.

Simu yangu ilikuwa inasoma mtandao vizuri, kwa hiyo halikunijia wazo kwamba mnara ulioguswa ni ule wa upande wa Chiwata. Nilipaswa kufikiri hivyo, maana nilikuwa na ujumbe ulioeleza jambo lenyewe neno kwa neno. Badala yake nilifikiri juu ya ukimya wa dada. Nikasema moyoni, watoto wake wamemwambia asiwasiliane nami tena. Wanajua nitamkataa kijana wao mbele ya wageni, basi wananikwepa. Kila nilipoisikia ile haipatikani niliona kama ni dada mwenyewe anaitamka.

Halafu ikaja namba nisiyoijua. Nilipokea nikiwa shambani. Kulikuwa na kelele za stendi, honi na wapiga debe, na sauti ya mwanamke iliyokwama kwa mafua.

"Mjomba, shikamoo. Ni mimi, nimebadilisha namba."

Hayo ndiyo maneno ambayo nimewafundisha majirani wote kuyaogopa.

"Wewe nani?"

"Mimi, wa Chiwata. Mjomba, mama hapatikani, simu yake imegoma. Wageni wanakuja Jumapili, tunakuhitaji ushuke mapema. Nataka nikutumie nauli. Namba yako ya hela inasoma jina gani, nisije nikakosea?"

Nilicheka. Nakumbuka kabisa nilicheka, nikafurahi kama mvuvi aliyeona mshipi ukivutwa.

"Binti, uko gereza gani?"

"Mjomba?"

"Nakuuliza uko gereza gani, maana nasikia simu mnazo hukohuko ndani. Mwambie nyapara wako kwamba huku Newala tulishasoma."

Nikakata. Alipiga tena, sikupokea. Ukaja ujumbe: "Mjomba ni mimi kweli. Jumapili usikose." Nikaufuta. Jioni nilimsimulia jirani yangu, tukacheka pamoja mpaka akashika mbavu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikumwambia dada wala mtu mwingine hadi leo ninapoandika. Ijumaa yake jirani yule alipata mgeni, ndugu yake aliyepandisha kutoka Chiwata. Mgeni alipita kunisalimu, akasema kwa furaha kwamba kwa dada yangu wanafagia uwanja na kutwanga, posa inaingia Jumapili, bila shaka nami nashuka kesho.

Jumapili. Neno lilelile nililolifuta.

Nilijua. Ningependa kusema sikujua, ingekuwa habari nyepesi zaidi kuhusu mzee na simu yake. Lakini mgeni alipotaja Jumapili nilijua kwamba sauti ile ya mafua ilikuwa ya mpwa wangu, na kwamba nilimwita mfungwa. Kisha nikaanza kutafuta pa kutokea. Nikasema, matapeli nao wana masikio, nao wangeweza kusikia kwamba ni Jumapili. Nikasema, kama kweli wananitaka watamtuma mtu. Nikasema, mgeni huyu mbona amekuja leo hasa, nani amemtuma anipime? Nilimshuku mgeni, nikamshuku dada, nikamshuku kijana na simu zake mbili, ili nisibaki na mtu mmoja tu wa kushukiwa.

Jumapili nilioga mapema. Nilivaa shati jeupe na koti, nikakaa kibarazani. Nilisubiri sauti ya pikipiki iliyotumwa kunichukua. Zilipita tatu, zote na safari zake. Baada ya adhuhuri nilivua koti. Jirani yangu alikuwa anatazama kutoka kwake, na safari hii hakuja kunisalimu.

Nilishuka Chiwata wiki iliyofuata, na nikiri kwamba nilikwenda kulaumu. Ndani ya gari la kwenda Masasi niliyapanga maneno yangu kama wakili. Nilipofika, dada alikuwa anamenya mihogo nyuma ya nyumba. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Umepona?"

"Nilikuwa naumwa nini?"

"Sijui. Nilisema lazima anaumwa. Nikawaambia wageni kaka yangu anaumwa, maana mzima asingekosa."

Maneno yangu ya uwakili yakanikauka. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo kuliko niliyoiandaa, kwa nini alizima simu. Akaitoa kwenye fundo la kanga. Ilikuwa na chaji ya kutosha, aliichaji kila siku kwa jirani mwenye sola. Mahali pa mistari ya mtandao hapakuwa na kitu.

"Nabipu kila asubuhi, haiendi," akasema. "Watoto wameniletea simu mpya, iko ndani kwenye boksi lake. Walisema mnara umebadilishwa, hii haitasoma tena. Nikawaambia mpaka mjomba wenu aseme."

Mpwa wangu alitoka ndani, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye yule wa gerezani."

Hakucheka wala hakupandisha sauti. Dada ndiye aliyenisimulia kilichotokea Jumapili, huku mkono ukiendelea kumenya. Wageni walifika saa nne. Aliwazuia wasianze. Walipewa uji, wakapewa chakula, mkeka ukabaki mtupu upande wa mjomba. Msemaji wao akauliza kwa adabu, sisi tutasema na nani? Dada akawaomba wasubiri tena. Ilipokaribia alasiri waliinuka kuaga, na ndipo mpwa wangu akampigia mtoto wa mama yetu mdogo, ambaye kwa ukoo naye ni mjomba wake, fundi cherehani pale Masasi, akaja na futi ya kupimia bado shingoni. Yeye ndiye aliyeketi.

"Alisema vizuri?" nikauliza.

"Alisema machache," dada akajibu. "Mimi nilikuwa natazama njia."

Nilimwambia achukue ile simu mpya. Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu aliniuliza, "Na hili umelijuaje?" Nikamwambia nilikosea, ujumbe ulikuwa wa kweli, mimi ndiye niliyesema ni wa uongo. Akafikiri kidogo, akamwambia binti yake alete boksi. Sijui kama alinisamehe au alichoka tu kubeba simu isiyosema.

Mpwa wangu alinisindikiza hadi barabarani. Njiani akasema, "Mjomba, sina kinyongo. Lakini aliyeketi ameketi." Nilijua maana yake. Mambo ya nyumba yake hayatapita kwangu.

Ndoa ilipofungwa nilihudhuria. Nilikaa kwenye viti vya walioalikwa. Yule kijana wa simu mbili alinipa mkono akasema karibu sana, mzee, akanipita akaenda kumsalimia fundi kwa kuinama.

Hata kabla ya ndoa hiyo, niliporudi Chilangala, niliwaeleza watu nyumba kwa nyumba kwamba nilikosea. Jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo walikuwa wenyewe."

"Walikuwa wenyewe."

"Na kesho ukiniambia ni wale, nitajuaje?"

"Uliza na mwingine," nikamwambia. Siku hizi huenda Newala mjini kuuliza. Hupita mbele ya kibaraza changu akiwa ameishika simu mkononi, na hanifichi.

Mwezi uliopita fundi alinipigia. Nilikuwa nimebadilisha laini na simu, na jina lake likatokea kwenye kioo. Alikuwa ameitwa Chiwata. Wale wawili wamevurugana, mpwa wetu amerudi kwa mama yake.

"Kaka, twende wote," akasema. "Mimi ni mtu wa vitambaa, haya sijui nayashika wapi."

Moyo wangu uliruka, na mara moja ukataka kusema: simu mbili, nilisema mimi. Nilinyamaza mpaka neno lile likapita.

"Umeitwa wewe," nikamwambia. "Nenda ukamwulize kila mmoja peke yake. Wa kwanza awe mwanamume. Usiwe na jibu kabla hujafika."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Alikwenda. Nasikia binti amerudi kwa mumewe, lakini fundi hajaniambia walichozungumza wala walichoamua, na kwa desturi hapaswi kuniambia. Jana nilijikuta naanza kuwaza kwamba ananificha kitu, kwamba wamepatana nisielezwe, kwamba pengine hata hiyo habari ya binti kurudi si ya kweli. Nilisimama katikati ya mikorosho nikiwa na simu mkononi, namba yake ikiwa tayari kwenye kioo. Sikuibonyeza. Nikairudisha mfukoni, nikaendelea kupalilia.